Chitlins si neno la kwetu: historia ya neno moja la matumbo



Jumamosi moja jioni tulikuwa kwenye klabu yetu ya Kiingereza, hapa Lubumbashi, watu kama kumi na wawili, katika darasa tulilopewa kwa muda na parokia. Tulikuwa tunasoma habari fupi juu ya vyakula vya Wamarekani weusi, na ndani yake mlikuwa neno moja ambalo hakuna aliyelijua: chitlins. Mmoja akafungua telefone yake akatafuta. « Ni matumbo ya nguruwe, » akasema. Watu wakacheka. Halafu rafiki yetu mmoja, mwenye lisanse ya sheria, akasimama kama vile yuko mbele ya waamuzi.

« Munaona? Iyi neno ni ya kwetu! Musikilize vile inaanza: chi. Tshiluba, Tshikapa, Tshisekedi. Bankambo betu balienda nayo kule mu mabato. Bazungu baliikuta mu kinywa ya batumwa. »

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu zilikuwa mbili.

Sababu ya kwanza ni ya masomo. Nimesoma agronomia, na moja ya mambo ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba jina la mmea halitoshi kukuonyesha mmea ulikotoka. Angalieni mahindi. Kwa Kiswahili jina lake linakupeleka India, lakini mmea wenyewe ulifugwa Meksiko, maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote wa huku kuuona. Wafaransa nao wanamwita batamzinga dinde, yaani kuku wa India, na ndege huyo ni wa Amerika vilevile. Kwa hiyo mtu akiniambia « neno hili linaanza na chi, basi ni letu », mimi nauliza kwanza: lilionekana wapi, na mwaka gani?

Sababu ya pili ni ya nyumbani. Mama yangu anauzisha matumbo. Ya ng'ombe na ya mbuzi, katika soko moja la Katuba, tangu mimi niko shule ya msingi. Minervale yangu, silabusi zangu, koti nililovaa siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho, vyote vilitoka kwenye beseni lile. Na miaka yote ya chuo, mtu akiniuliza « Mama yako anauzishaka nini? », nilikuwa najibu: « Anafanya komersi. » Si uongo. Lakini ninyi munajua jibu la namna ile ni la kuficha nini.

Basi nilipoona watu wanacheka kwa sababu ya matumbo, halafu dakika mbili baadaye wanapiga makofi kwa sababu wameambiwa neno ni letu, nikaenda nyumbani na shida kichwani. Nilitafuta historia ya neno lile kwa wiki kadhaa. Nitawaambia niliyoyapata.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Kiingereza kina maneno mengi ya matumbo, na kila moja lina mahali pake. Daktari anasema intestines au bowels. Watu wa kawaida wanasema guts, na neno hilo hilo wanalitumia pia kwa maana ya ujasiri. Lakini chitterlings, ambalo ndilo chitlins kwa maandishi ya kamusi, ni neno la jikoni. Halisemi matumbo ya mgonjwa. Linasema matumbo ya mnyama, zaidi ya nguruwe, yaliyokwisha kutolewa kwa ajili ya kuliwa: yanaoshwa, yanachemshwa kwa saa nyingi, na mara nyingine yanakaangwa baadaye. Kifaransa chetu kinafanya hivyo pia: daktari anaandika intestins, lakini kwenye sahani zinaitwa tripes. Sisi kwa Kiswahili tunasema matumbo tu, yawe hospitalini au yawe kwenye beseni la mama yangu.

Sasa asili yake. Neno hili linaonekana katika maandishi ya Uingereza tangu miaka ya 1200. Wataalamu wa lugha wanaliweka katika jamaa ya lugha za Kijerumani, karibu na neno Kutteln, ambalo Wajerumani mpaka leo wanalitumia kwa matumbo ya kuliwa. Katika miaka ya 1500 lilikuwa limezoeleka mpaka likapanda kwenye nguo: Waingereza walianza kuita chitterling ule urembo wa kitambaa chenye mikunjo uliowekwa shingoni au kifuani mwa shati. Mwenye kuona utumbo mdogo ukiwa bado umeshikwa na ule utando wake anaelewa mara moja, maana mikunjo ni ile ile. Na Wafaransa walifanya mzaha huo huo. Ninyi mnajua fraise ni tunda, lakini fraise ni pia ule utando wa matumbo ya ndama unaouzwa buchari, na ni pia ile kola kubwa ya mikunjo mnayoiona katika picha za wafalme wa zamani. Mabwana wakubwa wa Ulaya walitembea na jina la matumbo shingoni.

Weka tarehe hizo pembeni ya zile zetu. Diogo Cão, Mreno wa kwanza kufika mdomo wa mto Kongo, alifika mwaka 1482. Waingereza walianza makao yao ya Jamestown, kule Virginia, mwaka 1607. Mwaka 1619 Waafrika kama ishirini waliteremshwa Virginia, walionyang'anywa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa imetoka Luanda. Neno chitterlings lilikuwa vinywani mwa Waingereza miaka mia tatu na zaidi kabla ya siku ile. Wakulima wa Uingereza walikuwa wanayala, na mpaka leo wako wanaoyala. Hata nguruwe mwenyewe hakuwa wa kule Amerika: Mhispania Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 na nguruwe wachache, na Wazungu wengine wakaleta wengine. Basi neno lilivuka bahari pamoja na mnyama, kutoka Ulaya.

Kwa hiyo ile chi ya rafiki yangu si ile ya Tshikapa. Pole kwake.

Lakini sikumcheka, kwa sababu hamu yake si ya bure. Maneno ya kwetu yalivuka kweli. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, karanga zinaitwa pia goober, na neno hilo linatokana na nguba, la Kikongo na lugha za jirani zake. Kila mtu anayesema Lingala hapa mjini analijua bila kufundishwa. Gumbo, ile supu maarufu ya Louisiana, jina lake linafungamana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, na ndilo lililotupatia sisi wenyewe gombo ya Kifaransa. Na watu walivuka kabla ya maneno. Katika Carolina Kusini, miaka ya 1730, wengi wa watumwa walioteremshwa Charleston walitoka upande wa Kongo na Angola. Tarehe 9 Septemba 1739 kundi la watumwa waliinuka karibu na mto Stono wakashika silaha, wakaandamana kwenda kusini kutafuta uhuru Florida kwa Wahispania. Kiongozi wao anatajwa kwa jina la Jemmy, na wanahistoria wengi wanaona kwamba yeye na wenzake walitoka katika Ufalme wa Kongo. Walishindwa, wengi wakauawa. Hata hivyo jina la mto ule tungepaswa kulijua huku kwetu.

Basi watu wa kwetu walikuwa kule. Swali zuri si kama walileta neno. Swali ni: neno hili la Waingereza liliingiaje kinywani mwao, mpaka leo Mmarekani akisikia chitlins anafikiria watu weusi kabla ya kufikiria mkulima wa Uingereza?

Hapa masomo yangu yananisaidia kidogo. Kule kusini hapakuwa na friji. Nguruwe walichinjwa wakati wa baridi, zaidi Desemba na Januari, ili nyama isioze kabla ya kushika chumvi. Siku ya kuchinja, nyama iligawanyika yenyewe kwa sheria ya kuoza. Paja linapokea chumvi na moshi, linakaa miezi. Mafuta yanayeyushwa, yanakaa. Lakini utumbo umejaa bakteria tangu mnyama akiwa hai, na haungoji. Unauosha na kuupika mara moja au unautupa. Kwa hiyo mapaja na nyama nzuri viliingia katika nyumba ya moshi ya bwana, na kufuli likafungwa. Matumbo, miguu, masikio, shingo, hivi vilikuwa vya kuliwa haraka, na sehemu kubwa iliwaangukia watumwa, waliokuwa wamefanya kazi yote ya siku ile.

Na walikuwa wanapewa nini siku nyingine? Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland akakimbia, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kwamba mtu mzima katika shamba alilokaa utotoni alipewa kwa mwezi pauni nane za nyama ya nguruwe, au samaki wa kiasi hicho, na busheli moja ya unga wa mahindi. Pauni nane ni kilo tatu na nusu na kitu kidogo. Gawanya kwa siku thelathini, unapata kama gramu 120 kwa siku, kwa mtu anayelima tangu alfajiri mpaka usiku. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, hauwezi tena kucheka mtu aliyefurahia siku ya matumbo.

Lakini tusiiharibu historia kwa kuirahisisha. Wazungu maskini wa kusini waliyala chitterlings vilevile, na mabwana wengine pia walizipenda. Kuna mji mdogo wa Carolina Kusini, Salley, unaojulikana kwa sikukuu ya chitlins iliyoanza 1966. Si chakula kilichobuniwa na watumwa, na si chakula cha watumwa peke yao. Kilichotokea ni hiki: kwa wengine kilikuwa chakula kimoja kati ya vingi, na kwa weusi kilikuwa sikukuu. Wakakitia kitunguu, siki na pilipili, wakakipa saa nyingi za moto. Na neno lenyewe wakalikata katikati, sawa na vile sisi hapa tunavyokata « ninasema » ikawa « nasema ». Wazungu wa kusini nao walilikata vilevile. Chitterlings ikawa chitlins.

Utumwa ulikatazwa katika Marekani nzima mwaka 1865, lakini baada yake ikaja miaka ya ubaguzi wa sheria. Kati ya mwaka 1910 hivi na 1970, Wamarekani weusi karibu milioni sita waliacha kusini wakaenda Chicago, Detroit, New York, Los Angeles. Walienda na mdomo wao, yaani na vyakula vyao. Matumbo yaliyokuwa chakula cha kijiji wakati wa baridi yakawa chakula cha mjini wakati wa Noeli na Mwaka Mpya.

Na hapa neno likafanya kazi nyingine kabisa. Wakati wa ubaguzi, mwanamuziki mweusi hakuweza kupiga popote. Hoteli zilimfungia mlango, na mikahawa pia. Kulikuwa hata kitabu cha mwongozo, kilichoanza kutolewa mwaka 1936 na Victor Hugo Green wa New York, cha kumwonyesha msafiri mweusi wapi anaweza kulala na kula bila kufukuzwa. Basi wanamuziki walizunguka katika kumbi, mabaa na majumba ya michezo ambamo watazamaji walikuwa weusi: Apollo kule Harlem, Regal kule Chicago, Howard kule Washington, Royal Peacock kule Atlanta, Victory Grill kule Austin, na vibanda vingi vidogo visivyokuwa hata na bango. Mzunguko huo wote uliitwa Chitlin Circuit, yaani mzunguko wa matumbo. Jina lilisema: huku ndiko wanakokula chakula chetu, huku hautafukuzwa.

Ray Charles alipita humo. Aretha Franklin, Tina Turner, Jimi Hendrix, walipita humo. James Brown alirekodi mwaka 1962, pale Apollo, moja ya sahani zake zilizompa jina kubwa kuliko zote. B.B. King alizunguka humo miaka na miaka, usiku baada ya usiku. Wazee wetu wanawajua hawa wawili wa mwisho kwa macho: Septemba 1974 walikuja Kinshasa, katika ile tamasha ya siku tatu iliyopangwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Watu waliojaa uwanja kuwapigia makofi hawakujua kwamba wageni wale walilelewa na mzunguko wenye jina la matumbo. Nafikiri ndipo neno hili lilipokutana na sisi kweli, kuliko katika ile chi.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi nzuri ya watu waliopewa mabaki wakayageuza kuwa utukufu. Lakini haikuwa hivyo kwa wote, na sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya wasomi.

Ralph Ellison, mwandishi mweusi, alitoa mwaka 1952 riwaya inayoitwa Invisible Man. Shujaa wake ni kijana aliyesoma chuo cha weusi kule kusini, akafukuzwa na rekta wake, mtu mkubwa anayeitwa Bledsoe, mwenye heshima mbele ya wazungu. Kijana anafika New York. Siku moja ya baridi ananunua kiazi kitamu cha kuchoma barabarani, anakila anatembea, na anajisikia huru kwa mara ya kwanza, kwa sababu haogopi tena nani anamwona anakula chakula cha kwao. Na hapo anaanza kuota mchana kweupe: anajiona anamshitaki Bledsoe mbele ya watu. Makosa gani? Kwamba anakula chitterlings kwa siri. Na katika ndoto ile, Bledsoe anaanguka: magazeti yanaandika, marafiki wanamkimbia, heshima yote imekwisha.

Niliposoma mambo hayo niliacha telefone mezani. Ellison ameandika kwa kuchekesha, lakini mimi sikucheka, juu mimi ndiye yule rekta. Sijawa mkubwa, sina hata kazi ya kudumu, lakini nilishajifunza kazi ya kuficha. « Anafanya komersi. »

Miaka kumi na kidogo baadaye, vijana wa Amerika nyeusi waligeuza meza. Katika miaka ya 1960 walianza kuita vyakula vyao soul food, chakula cha roho, na Amiri Baraka, aliyekuwa bado anaitwa LeRoi Jones, akavitetea katika kitabu chake cha insha cha 1966 dhidi ya waliosema kwamba weusi hawana mapishi yao. Mwaka 1968 mwanasosiolojia mmoja mweusi, Adrian Dove, akatunga mtihani wa dhihaka uliojulikana kwa jina la Chitling Test. Ulikuwa na maswali thelathini, juu ya mambo ambayo mtoto wa mtaa wa weusi anayajua na mtoto wa wazungu hayajui. Moja liliuliza muda wa kupika chitlings. Alitaka kuonyesha kwamba mitihani ya akili waliyopewa watoto weusi ilikuwa inapima mtoto amekulia wapi, ikasema inapima akili. Sisi tuliofanya egzeta, tukakutana na maswali juu ya vitu ambavyo mtoto wa Katuba hajawahi kuviona, tunamwelewa Dove bila maelezo.

Lakini wengine walikataa, na hoja zao ni za maana. Elijah Muhammad, mkuu wa Nation of Islam, alifundisha watu wake kuacha nguruwe kabisa, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya namna ya kula. Kwake chitlins zilikuwa mabaki ya bwana, na mtu huru hana sababu ya kuendelea kuyala na kuyaimba. Madaktari nao walikuwa na lao: mafuta, chumvi, presha. Na mwishoni mwa 1988 na mwanzo wa 1989, kule Atlanta, watoto wachanga waliugua kuhara kwa sababu ya bakteria inayoitwa Yersinia enterocolitica. Watoto wale hawakuwa wamekula matumbo. Bakteria ilitoka jikoni, kwenye mikono ya watu wazima waliokuwa wanayasafisha, halafu wakashika mtoto au chupa yake. Kwa sababu hiyo watu wa afya wa kule wanashauri kuyachemsha dakika tano kwanza, kabla ya kuanza kuyasafisha, kunawa mikono kwa sabuni, na kumweka mtoto mbali na jiko siku ile. Ninyi mulio na watoto nyumbani na munaopika matumbo, mushike shauri hilo, ni la bure.

Kwa hiyo nani alisema kweli, Baraka au Elijah Muhammad? Mimi naona wote wawili walikuwa wanajibu swali moja: je, kitu ulichopewa kwa kukudharau kinaweza kuwa chako? Mmoja alisema ndiyo, ukikipika. Mwingine alisema hapana, kiache. Lakini wote wawili walisema wazi, mbele ya watu, chakula kile ni nini na kilitoka wapi. Mtu pekee aliyenyamaza ni yule anayekula usiku na mlango umefungwa.

Nilirudi klabuni na mambo haya yote katika daftari. Niliwaeleza tarehe, 1200 na 1482 na 1619. Rafiki wa sheria alipigana kidogo, kama kawaida yao, halafu akakubali. Alisema tu: « Basi haina kitu ya kwetu ndani. » Nikamwambia iko. Neno ni la Waingereza, nguruwe ni wa Ulaya, lakini mikono iliyolipa neno lile maana linayobeba leo, sehemu yake ilitoka mto huu wetu. Tusidai neno ambalo si letu, wakati kazi iliyo yetu tunaiona haya.

Halafu nikawaambia mama yangu anauzisha nini. Walikaa kimya kidogo. Msichana mmoja wa polytechnique akasema wa kwake anauzisha makala. Mwingine akasema baba yake ni mlinzi wa usiku, na kwamba yeye alikuwa anajibu « anafanya kazi ya usalama ». Tulicheka sana, tofauti na siku ile ya kwanza.

Jumapili nilimweleza mama historia yote. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, anageuza utumbo wa mbuzi nje-ndani, anaukwangua kwa kisu kisichokata, na ndoo tatu za maji pembeni, yaliyonunuliwa kwa jirani juu bomba letu lilikuwa halitoi kitu tangu Alhamisi. Alinisikiliza bila kuinua kichwa: Uingereza, nguruwe, mabato, Douglass, wanamuziki. Nilipomaliza, nilingoja aseme kitu juu ya utumwa, au juu ya James Brown, ambaye anampenda.

« Na mayi, » akauliza, « balikuwa banatosha wapi? »

Nikamwambia: kisimani, mama, na mutoni.

« Mu ile baridi ya Desemba? »

« Mu ile baridi. »

Mama akaacha kisu. Akaangalia mikono yake, ambayo maji yalikuwa yameikunja.

« Basi bale batu balijua kazi, » akasema, na akavuta ndoo ya pili.